Mbwa wa Mlima Cheviot na Roho Nne za Wageni

Msomaji mwenzangu, jina la mbwa kwetu pwani ni jina la kutukania. Mtoto akikosa adabu huambiwa asiwe kama mbwa koko, na mtu akitaka kugombana na jirani yake hana haja ya maneno mengi, hilo moja latosha. Nasi washairi ndio tuliozidi. Nimesoma na kusikiliza mashairi ya kujibizana kwa miaka mingi, na mbwa humo sikumwona akiingia ila kwa kutwezwa. Leo nataka kukusimulia habari za mbwa mmoja jike aliyekuwa akiitwa Sheila, wa huko mpakani mwa Uingereza na Scotland, aliyevishwa nishani ya ushujaa mwaka 1945. Naomba usilikunje gazeti kabla hujanisikiliza, kwani ndani ya kisa hiki mna vita, mna mauti, mna jiwe la ukumbusho, na mna jambo ambalo sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa zamani kisha tukalisahau.

Mlima wenyewe waitwa Cheviot, nao ndio mkubwa kati ya vilima vya jina hilo. Urefu wake ni mita 815. Kwa Mkenya huo si mlima wa kujivunia. Vuria ya Taita yaupita zaidi ya mara mbili. Lakini usiudharau. Kilele chake si chembamba kama ncha ya mkuki, ni uwanda mpana uliofunikwa na udongo mweusi wa mimea iliyooza, udongo unaonyonya maji kama sifongo, na mtu akikosea hatua huzama hata magotini. Hakuna mti wa kujikinga. Upepo wa bahari ya kaskazini wafika pale pasi na kizuizi, na ukungu hushuka ghafla ukafunika kila kitu, hata mtu asijue kama yuapanda ama yuashuka. Wakaao huko ni wachache sana, nao tangu zama ni wachungaji. Kondoo waitwao Cheviot, ambao sufi yao hufumwa vitambaa vya makoti, walipata jina lao hapo.

Juu ya mlima huo, tarehe 16 Desemba 1944, mchana, katika dhoruba ya theluji, ndege ya vita ya Kimarekani ilianguka ikiwa na watu tisa na shehena yake yote ya mabomu.

NGOME IRUKAYO

Ndege hiyo ilikuwa ya aina ya Boeing B-17, na Wamarekani waliibandika jina ambalo kwa lugha yetu ni Ngome Irukayo. Sisi watu wa Mvita twaijua ngome ni kitu gani, twapita mbele ya moja kila siku, na nadhani aliyeipa ndege jina hilo alikuwa na sababu. Ilikuwa na injini nne, mabawa yake tokea ncha hata ncha yalikaribia mita 32, na bunduki kubwa zilichomoza mbele, nyuma, juu, chini na ubavuni. Ziliundwa zaidi ya 12,000 za aina hiyo. Zilipaa juu mno, kiasi cha mita 7,000 na zaidi, mahali ambapo hewa haimtoshi binadamu na baridi yaweza kumkatisha vidole. Wanahewa wakipumua kwa mipira na kuvaa ngozi na nyaya za umeme za kuwapasha moto. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, hata walio chini ya hapo. Jeshi la Nane la Anga la Marekani, ambalo lilikuwa na makao yake Uingereza, lilipoteza zaidi ya watu 26,000 waliokufa katika vita hivyo. Hesabu hiyo nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mpiga chapa ameongeza sifuri.

Ndege ya kisa chetu iliruka asubuhi kutoka kiwanja cha Molesworth, upande wa mashariki ya Uingereza, pamoja na nyingine za kikosi chake, kikosi cha 303. Rubani wake alikuwa George Kyle. Safari ilikuwa ya kwenda Ulm, mji wa kusini mwa Ujerumani, kuipiga stesheni kuu ya reli. Siku hiyo haikuwa siku ya hivi hivi. Alfajiri yake majeshi ya Hitler yalikuwa yamefumka kutoka misitu ya Ardennes, huko Ubelgiji, katika shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi. Wajerumani waliisubiri hali mbaya ya hewa makusudi, wingu zito liifungie nyumbani ndege ya adui. Wingu hilo hilo ndilo lililoiharibu safari ya Ulm. Mabomu hayakutupwa, ndege zikageuka kurudi, na Kyle na wenziwe wakajikuta ndani ya weupe usio na mwanzo wala mwisho.

Leo rubani huelekezwa na setilaiti, naye huona mahali alipo kama mtu aonavyo kucha zake. Wakati ule mwelekezaji wa ndege alikuwa na ramani, saa, dira na mawimbi ya redio, na mambo mengine aliyategemea macho: mto, mji, nyota. Vikifunikwa hivyo vyote, ilibaki hesabu ya kukisia: tumekwenda kasi gani, kwa muda gani, na upepo umetusukuma upande gani. Kosa dogo la upepo likizidishwa kwa saa kadhaa huwa kosa la mamia ya kilomita. Nacho kipimo cha urefu kilichokuwamo humo hupima uzito wa hewa, kikamwambia rubani yuko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kwamba chini yake bahari imegeuka mlima, hicho hakijui. Manahodha wetu wa majahazi wataelewa. Ni sawa na kusafiri na bildi fupi katika maji yenye miamba, usiku, bila mwezi.

Walikuwa wameupita mji wao kwa zaidi ya kilomita 300 kuelekea kaskazini. Waliposhuka kuitafuta ardhi chini ya wingu, walichokikuta ni Cheviot, kwenye jabali liitwalo Braydon Crag. Ule udongo laini nilioutaja ndio uliowastiri. Lau ingekuwa ni mwamba mtupu, asingesalia hata mmoja. Lakini tumbo la ndege liliteleza juu ya tope na theluji, ikakatika, ikashika moto. Wawili walikufa: mwelekezaji Fred Holcombe, na Sajini Frank Turner, ambaye kazi yake ilikuwa kuyaachia mabomu. Saba walitoka hai. Watatu waliokuwa upande wa mbele walitokea kwao, wakateremka mlima peke yao hata wakafikia watu. Wanne wa upande wa nyuma, baadhi yao wameumia, wasijue wako nchi gani, walijificha ndani ya shimo la ule udongo mweusi ili upepo usiwamalize. Mita chache kutoka hapo moto ulikuwa ukila ndege, na mabomu yangali tumboni mwake.

WACHUNGAJI WAWILI

Bondeni kulikuwa na mchungaji jina lake John Dagg, wa nyumba ya Dunsdale. Alisikia ngurumo ya ndege ikipita chini isivyo kawaida, kisha akasikia kishindo. Hakuna aliyemtuma. Hakuwa askari wala polisi. Alitwaa fimbo yake, akamwita Sheila, mbwa wake wa kuchungia, akaanza kupanda. Njiani alikutana na mwenziwe, Frank Moscrop, wa shamba la jirani la Southernknowe, ambaye naye alisikia na kutoka vivyo hivyo. Wakaandamana.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Watu hawa wameishi pale umri wao wote, wanaujua mlima kama wewe uijuavyo mitaa ya Kibokoni, na kwa sababu waujua, wajua kuwa siku kama ile ndiyo mlima huua. Theluji yavuma, mtu hamwoni mwenziwe hatua chache mbele. Walipanda wakaita, wakanyamaza kusikiliza, wakaita tena. Upepo ukachukua sauti zao. Walipokaribia juu Sheila aliwaacha akapotelea mbele ndani ya weupe, kisha wakamsikia akibweka. Waliifuata sauti, na hapo katika shimo wakawakuta wale wanne.

Kwani mbwa aliwaonaje? Hakuwaona. Mbwa wa kondoo hufunzwa tangu mdogo kumtafuta kondoo aliyefukiwa na theluji, na pua yake hupata harufu ambayo sisi hatuna hata jina lake. Lakini kunusa ni jambo moja, na kurudi kumwita bwana wake ni jambo jingine. Kondoo wake yeye hakuwa wale. Wale walinuka petroli na moshi.

Kazi haikuwa imekwisha. Kuwateremsha wageni wanne wenye majeraha, buti zao zimepotea au zimechanika, katika mteremko usioonekana, ni kazi ya watu kumi, na wao walikuwa wawili. Mbwa alitangulia, nao wakamfuata mpaka nyumbani kwa Dagg. Wakati wale wanahewa wameshaondolewa huko juu, mabomu yaliripuka. Mlima ulitikisika na mshindo ukafika bonde zima. Laiti wachungaji wangengojea dhoruba itulie, kama ambavyo mtu mwenye akili timamu angeshauri, wasingekuta wa kuokolewa.

Mshairi hakosi ubeti, nami nilipofika hapa katika kusoma kwangu kalamu ilikimbia yenyewe:

Ukungu ulipotanda, njia isionekane,
Mlima wakaupanda, wawili waandamane,
Na mbele yao mbwa kenda, akanusa awaone,
Roho nne akalinda, kwa nini tumtukane?

Dagg na Moscrop walitunukiwa nishani ya Dola ya Kiingereza. Sheila naye alipewa yake, tarehe 2 Julai 1945, nishani iitwayo Dickin. Nishani hii ina habari yake. Iliasisiwa mwaka 1943 na mama mmoja, Maria Dickin, ambaye mwaka 1917 alikuwa ameanzisha matibabu ya wanyama wa watu maskini huko London, kazi iliyokuja kuwa shirika la PDSA. Ni kipande cha shaba kilichoandikwa maneno mawili ya kusifu ushujaa, na chini yake maneno ambayo mimi ningeyatia katika Kiswahili hivi: Nasi pia twatumika. Waliotangulia kuipata walikuwa njiwa watatu waliopeleka salamu za wanahewa walioanguka. Tangu mwaka 1943 hata 1949 ilitolewa mara 54: njiwa 32, mbwa 18, farasi watatu na paka mmoja. Paka mmoja tu! Nawajua wazee wa Lamu ambao watalikatia rufaa jambo hili.

NILIPOLIONA BONDE

Mwaka 2019 nilikwenda kumtembelea mpwa wangu aliyeoa na kukaa South Shields, mji wa bandari ambako mabaharia wa Kiyemeni walianza kulowea tangu mwisho wa karne ya 19, na ambako msikiti wao ulitembelewa na Muhammad Ali, bingwa wa ndondi, mwaka 1977. Kutoka hapo hata milima ya Cheviot si safari ya kutisha. Nilimwomba anipeleke. Akaniuliza, "Mjomba, umetoka Mombasa kuja kutazama mbwa aliyekufa?" Nikamwambia twende tu.

Bonde laitwa College Valley. Ni mali ya watu binafsi, na magari machache mno huruhusiwa kuingia kwa siku, kwa hivyo kimya chake ni kimya cha kweli. Kuna kijito, kuna kuta za mawe yaliyopangwa pasi na chokaa, na kondoo kila mahali. Karibu na jumba dogo liitwalo Cuddystone Hall pamesimama ukumbusho wa jiwe, uliofunguliwa mwaka 1995, miaka hamsini baada ya vita kwisha, na mtukufu wa ukoo wa kifalme, Duke wa Gloucester. Ni ukumbusho wa wanahewa wa mataifa yaliyoshirikiana ambao ndege zao ziliangukia vilima hivyo tangu mwaka 1939 hata 1945. Kwani ile ya Kyle haikuwa peke yake. Cheviot iliangusha ndege nyingi, za aina nyingi, na aghalabu sababu ilikuwa ile ile moja: wingu, usiku, na kipimo kisichojua mlima.

Sikupanda juu. Magoti yangu yana maoni yao. Wapandao husimulia kuwa vipande vya chuma vingaliko mpaka leo, vimezama katika ule udongo.

Tulipokuwa tumesimama hapo, alipita mchungaji na mbwa wawili. Mmoja akanijia moja kwa moja, akaanza kuninusa miguu. Mwili wangu ukarudi nyuma kabla akili haijaamua. Miaka hamsini ya malezi haiulizi ruhusa. Yule mchungaji alipiga mluzi, mluzi mfupi tu, na mbwa akageuka kama aliyevutwa kwa kamba. Akaniomba radhi kwa adabu. Mpwa wangu akamweleza kuwa sisi ni Waislamu na mambo ya mbwa kwetu yana masharti, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo analolijua, kisha akainua fimbo yake akaielekeza kwenye ukungu. "Kule," akasema. Nikatazama, sikuona mlima.

Basi hapa niseme kidogo habari ya masharti hayo, maana najua msomaji ameshaanza kuninong'ona. Sisi wa pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu ute na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo linajulikana na silipingi. Wenzetu wa Imam Malik wanasema mbwa mwenyewe ni tohara, nao ni maimamu kama wetu. Lakini najisi ni hukumu ya maji na udongo. Haina maana ya kuwa kiumbe ni mwovu, wala hakuna mwanachuoni aliyepata kutoa ruhusa ya kumpiga mawe mbwa anayepita njia yake, jambo ambalo watoto wetu hulifanya mchana kweupe na wazee wamekaa barazani wakicheka. Kumfuga mbwa wa kuchungia, wa kuwindia na wa kulindia shamba kumeruhusiwa katika hadithi sahihi. Na katika hadithi hizo hizo mna mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akambeba kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kiatu hicho hakukitupa, kwa kadiri nijuavyo. Tena wale vijana wa pangoni, ambao sura yao wengi wetu huisoma kila Ijumaa, walikuwa na mbwa wao mlangoni, akahesabiwa pamoja nao. Tumeisoma Ijumaa ngapi, na mbwa huyo tumempita mara ngapi kama aliyekaa pale kwa bahati mbaya?

Hilo la mbwa ni jepesi. Lililonielemea pale mbele ya jiwe ni jingine.

Ndege ile ilikuwa ikienda kuua watu. Mabomu yaliyoripuka katika tope la Cheviot yaliandikiwa Ulm. Lengo lilikuwa reli, ndiyo. Lakini bomu lililotupwa kutoka juu ya mawingu halisomi kibao cha stesheni. Na Ulm haikupona. Usiku wa pili yake, tarehe 17 Desemba 1944, ndege za Kiingereza aina ya Lancaster zaidi ya 300 ziliushukia mji huo, katikati yake ikateketea, na watu wapatao 700 wakafa. Ulm ni mji aliozaliwa Einstein mwaka 1879, na una kanisa lenye mnara wa mita 161, ambao kwa ajabu ulibaki umesimama juu ya majivu. Sisi tunaujua wasia wa Sayyidna Abubakar kwa jeshi lake, asiuawe mwanamke wala mtoto wala mkongwe, wala usikatwe mti wenye matunda. Ukiweka wasia huo mezani, vita vile vya angani, vya kila upande, vya Wajerumani juu ya London na vya wengine juu ya Ulm, havina pa kujificha. Nami simchezei mtu ngoma ya kumsifu kwa kuwa alishinda.

Kwa nini basi nilisimama pale nisione ghadhabu? Nimelifikiri tangu siku hiyo. Naona ni kwa sababu bonde lile halikumbuki bomu. Ukimuuliza mtu wa pale habari za ndege, hatakwambia ilibeba nini wala ilikuwa ikienda kumpiga nani. Atakwambia habari za Dagg na Moscrop, na zaidi atakwambia habari za mbwa. Mtu aliyezaliwa Ulm aweza kusimama mbele ya jiwe lile, akasikiliza kisa, asipate pa kuumia. Wachungaji hawakuuliza wale walio shimoni ni wa nani. Ndege ya Kijerumani nayo ingeweza kuanguka pale siku ile, na mtu anayepanda ndani ya theluji kufuata sauti hawezi kujua ataikuta sare ya rangi gani.

Na sisi je, tunakumbuka nini? Mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 1944, meli ya askari iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa hapa hapa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301, pamoja na wanawake wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa muda usiotosha mtu kufunga kilemba. Walikufa 1,297. Wapiga mizinga hao wanakumbukwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Nimewauliza vijana wengi wa Mombasa, wakiwamo wenye shahada, kama wamepata kuisikia meli hiyo. Mmoja tu aliitika, na babu yake alikuwa kuli wa bandarini. Jiwe tunalo. Anayesimulia ndiye hatuna, na sijasikia ubeti wake hata mmoja, nami ni mshairi wa mji huu, kwa hivyo wa kwanza wa kudaiwa ni mimi. Nimeanza. Kina cha kati kimenikwama, lakini nimeanza.

Nirudi Cheviot nimalize la Sheila. Nilikwambia wawili walikufa, na mmoja wao ni Sajini Frank Turner. Huyu alikuwa mtu wa Columbia, katika jimbo la South Carolina, na mama yake alikuwa hai. Habari za mlima na wachungaji zilipomfikia, alimwandikia Dagg. Mwanawe hakuwamo katika wale waliookolewa, Sheila hakumfikia. Mama mwingine angeona uchungu kulisikia jina la mbwa huyo. Yeye aliomba kitu kimoja: kama Sheila atazaa, apewe mtoto wake mmoja.

Wachungaji hawakusahau. Vita vilipokwisha Sheila akazaa, akachaguliwa mtoto jike, akaitwa Tibbie. Alivushwa Atlantiki, safari ambayo Sajini Turner hakujaliwa kurudi, akafikishwa Columbia, mlangoni kwa mama.